Sare ya Waliopona

Kila wakinialika kwenda kuzungumzia usawa wa wanawake, swali langu la kwanza ni kama kutakuwa na sare. Wakisema ipo, siendi. Wanadhani nina maringo. Wengine wanasema yule daktari mama wa Mbeya, tangu aache uongozi, amekuwa na gubu, hata kitenge cha bure anakikataa. Waache waseme. Mimi nimekulia dukani, katikati ya vitenge, na ninayoyajua kuhusu sare sikufundishwa kwenye semina.

Mama yangu alikuwa na duka la nguo Ilomba, hapa hapa Mbeya. Asili yetu ni pwani. Babu alipanda huku na biashara zake, akaoa huku, akazikwa huku. Nikitoka shule nilikaa nyuma ya meza ya duka nikimshikia mama ncha ya kitambaa akikata. Wateja wake wakubwa walikuwa kina mama wa sare. Ikitokea harusi, kipaimara, maulidi au arobaini ya marehemu, wanawake wanachagua kitambaa kimoja, kila mtu anashona mshono wake, na siku yenyewe ukiwatazama unajua nani ni wa nani. Aliyevaa ni wenu. Asiyevaa ni mpita njia, hata kama ni dada wa damu wa bibi harusi.

Siku moja walikuja kina mama wa mtaani kwetu, vicheko tele, wakaanza kutajiana majina ya watakaoshona. Likatajwa la jirani mmoja, mke wa seremala. Kisha mmoja akasema, "Huyo mwacheni. Hali yake si mnaijua?" Wakacheka kwa puani, wakaendelea na majina mengine.

Kesho yake yule jirani akaja peke yake. Alisimama mlangoni, ndani hakuingia, akaomba kitambaa kile kile. Mama akamwambia kimekwisha. Mimi nilikuwa nimelikalia jora lake.

Alipoondoka nikamuuliza mama, "Mbona kipo?"

"Mwanangu, nikimuuzia yule, wenzake watanihama," akasema. Akachota maji kwenye ndoo, akamwaga pale mlangoni aliposimama jirani, akafagia mpaka nje barabarani.

Sikuelewa. Nilikuja kuelewa chuoni, nikiwa mtu mzima, mwalimu alipotufundisha ugonjwa wa fistula. Mama anashikwa uchungu, mtoto anakwama, hospitali iko mbali au gari hakuna, na kichwa cha mtoto kinakandamiza nyama za ndani mpaka zinakufa. Mara nyingi mtoto anafariki. Mama anabaki na tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi, na mkojo unamvuja mchana na usiku bila yeye kutaka. Wenzangu walikuwa wanaandika. Mimi nilikuwa naona yale maji ya ndoo mlangoni pa duka letu. Basi nikajua nitasomea nini.

Nikabobea kwenye magonjwa ya wanawake, nikajifunza kuziba hayo matundu, nikarudi Mbeya. Nisiwachoshe na habari za vikao vya madaktari wa enzi zile, ambapo mwanamke ulikuwa unaingia na majalada yako mkononi na mtu anakuuliza chai inaletwa saa ngapi. Khaa! Niliwajibu, tena vibaya. Ndiyo maana nilichelewa kupandishwa. Lakini nilipanda, mpaka nikaongoza utafiti wa afya ya wanawake kwa mikoa yetu, na ofisi tukapewa Iyunga, pembeni mwa mji, karibu kabisa na barabara kuu, malori yakipita vikombe vinatetemeka mezani.

Wenzangu kazi yao ilikuwa kuhesabu matundu yaliyoziba. Tundu limeziba, mgonjwa amepona, jalada linafungwa. Mimi nikawauliza, amepona akaenda wapi? Nani anakula naye? Nani anamwita shughulini? Nikasema tuwafuate makwao baada ya upasuaji tujue kama wamerudi kwa watu. Na kwenye maswali nikaongeza moja la kwangu: Tangu tuonane mara ya mwisho, umepewa sare?

Walicheka! Mtaalamu wa wafadhili alitaka aelezwe sare ni nini, akaelezwa, akasema hicho si kipimo cha kisayansi. Nikamwambia aende akamuulize mwanamke yeyote kati ya hapa na Iringa. Swali likabaki, kwa sababu nilikataa katakata kusaini bila hilo. Na likaja kuwa ndilo swali lililosema kweli kuliko yote. Mwanamke ukimuuliza hali, atakwambia nzuri. Ukimuuliza majirani, wazuri. Ukimuuliza kama amepewa sare, anatazama chini.

Mmoja wao nilimpenda kuliko inavyoruhusiwa. Alikuwa mkata vitunguu wa Ruaha Mbuyuni. Pale wanawake hukaa mstari mmoja bandani, kila mtu na kisu chake, wanakata majani na mizizi kabla vitunguu havijaingia kwenye magunia, na soga za kijiji kizima zinapita kwenye huo mstari. Yeye alikuwa na binti mmoja. Mimba ya pili ndiyo iliyomharibu: mtoto alikufa, mkojo ukaanza kuvuja, mume akahamia kwa mke mwingine. Bandani wakamsogeza mwisho wa mstari, halafu nje ya banda, juani. Alikaa juani hivyo mpaka binti akakua akawa ndiye anayemfulia matambara.

Nilimpasua mwenyewe. Siku nilipomtoa mpira wa mkojo, akakaa kitandani, akapapasa shuka, akapapasa tena. Likabaki kavu. Alinitazama kwa hasira hasa, kama vile nimemficha kitu miaka yote hiyo. Halafu akasema, "Kumbe."

Wiki ile ile akanieleza anachotaka duniani. Binti yake ameposwa na kijana wa Iringa mjini, watu wa heshima. "Dokta, mimi nataka siku ya kumuaga mwanangu nisimame mbele, nimevaa kama wenzangu, nimkabidhi kwa mkono wangu. Basi. Ila wakwe wasijue niliumwa nini. Wakijua watasema ni ugonjwa wa ukoo, hata mtoto atakuja kuwa hivi. Watamrudisha."

Nikamwambia haurithiwi. Akasema, "Mimi najua. Wao je?" Nikamwahidi kwamba kwetu siri ya mgonjwa haitoki.

Mbuyuni hawakumpokea siku moja. Mwanzo walimrudisha chini ya kivuli, kisha mwisho wa mstari, na baadaye katikati. Kila nikimtembelea nauliza lile swali langu na yeye anajibu bado, dokta, bado. Mpaka siku moja nilishuka kwenye gari nikamwona anakuja mbio, mwanamke wa umri ule, amekumbatia kifurushi kifuani. Hata kamwene, salamu ya kwao, hakusema. Alikifungua juu ya boneti ya gari. Kitenge cha kijani kilichoiva chenye maua meupe. Wenzake wa bandani walikuwa wamekaa, wamechagua sare ya sherehe ya kumuaga binti, wakamletea ya kwake nyumbani.

"Uliza," akaniambia.

"Umepewa sare?"

"Nimepewa!" Alipiga kelele dereva akashtuka. Kisha akatoa kipande cha pili. "Na hiki ni chako. Ukashone. Na wewe ni wetu."

Wallahi, nimepewa vyeti na ngao za vioo katika kazi hii, viko kabatini vinashika vumbi. Kile kitenge nilikipeleka kwa fundi jioni ile ile.

Sasa sikilizeni walivyokiharibu.

Mradi uliobeba utafiti wetu ulipata mkurugenzi mpya. Nafasi ile niliiomba mimi. Wakasema wanatafuta mtu mwenye nguvu za kusafiri. Nilikuwa natoka Mbeya kwenda Iringa na kurudi kila wiki, sijui walidhani napaa na ungo. Wakampa kijana niliyemfundisha mwenyewe kushika sindano. Mradi wa usawa wa wanawake, mkurugenzi mwanamume, msaidizi wake mwanamume, na mimi, niliyeuanzisha, nikawa "mama yetu". Mama yetu atufungulie kikao kwa sala. Mama yetu aseme neno.

Matokeo ya utafiti yalipokuwa tayari, ikapangwa sherehe ya kuyatangaza Iringa mjini, na mgeni rasmi, na wafadhili, na televisheni. Kwenye kikao cha maandalizi pale Iyunga mkurugenzi akasimama na uso wa mtu aliyeokota almasi. Akasema utafiti umethibitisha kwamba sare ndiyo kipimo cha mwanamke kurudi kwenye jamii. Kwa hiyo mradi utawashonea wote sare. Akabonyeza, picha ikatokea ukutani: kitenge cha bluu, mchoro wa mama na mtoto, na maandishi makubwa yamezunguka kiunoni na mgongoni, NIMEPONA FISTULA.

Watu wakapiga makofi. Jamani, walipiga makofi! Wanawake walikuwemo mle ndani, waliozaliwa na kulelewa humu humu, wenye sare za harusi kabatini, nao wakapiga.

Nikasimama. Nikasema sare anapewa mtu na watu wake. Ofisi haiwezi kumpa mtu watu. Nikasema hawa tuliwaahidi siri, na mnataka kuwaandika mgongoni. Nikasema waje na nguo zao, kila mmoja alivyopenda, au wasije kabisa, matokeo nitayasoma mimi.

"Mama yetu, punguza jazba," mkurugenzi akasema, anatabasamu. "Si wewe mwenyewe uliyetufundisha umuhimu wa sare?"

Wakacheka. Nikamwambia sicheki. Akasema ugonjwa huu si aibu, na sisi viongozi tukiogopa kuutaja tunawaongezea unyanyapaa. Sikilizeni hayo maneno, yalivyo mazuri. Unaweza kuyaandika popote. Nikamuuliza kama mkewe ameshawahi kuvaa ugonjwa wake mgongoni akapanda nao basi. Akasema tuendelee na ajenda. Nikaandika pingamizi, nikalipeleka kwa waliokuwa juu yake, wakanijibu kwamba vitambaa vimeshachapwa.

Nilimpigia simu mama wa Mbuyuni nikamwambia asije. Akaniambia, "Dokta, wameshakuja na gari kuniambia wewe unapewa tuzo. Nitakosaje?" Tuzo hiyo mimi nilikuwa sijaambiwa. Nikamwambia tuzo si kitu, abaki kwake. Akasema sawa. Akaja.

Nilimkuta kwenye chumba cha nyuma ya ukumbi. Wanawake wamejaa, furaha ya ajabu, wanafungana vilemba, wanasifiana mishono. Siwezi kuwalaumu. Wengine wao walikuwa hawajapewa sare na mtu yeyote tangu wajifungue. Yeye alikuwa amesimama na gauni lake la bluu mkononi, hajalivaa, anasoma yale maandishi, midomo inachezacheza.

Nikamshika mkono. "Usivae. Kaa na mimi kule mbele, na nguo yako."

Akawatazama wenzake. Mmoja akamwita, "Wewe, vaa, tunachelewa!" Akamsogezea nafasi kwenye benchi. Nilimwona mama wa Mbuyuni akiitazama ile nafasi.

"Sare ni sare, dokta," akaniambia polepole. "Wote wamevaa. Nikae peke yangu tena?"

Akavaa.

Walipangwa jukwaani. Mgeni rasmi akawapa mikono, wapiga picha wakapiga, mkurugenzi akahutubia juu ya usawa mpaka koo likamkauka. Nilipoitwa kupokea tuzo nilikwenda kwenye kipaza sauti nikasema picha za kina mama hawa zisitoke nje ya ukumbi huu. Wakapiga makofi kwa adabu. Baada ya miezi michache mradi ukatoa kalenda ya ukutani. Mnazijua kalenda zetu. Zinagawiwa bure, hakuna anayekataa, zinaning'inia dukani, saluni, sebuleni, kwenye ofisi ya kijiji. Mama wa Mbuyuni alikuwa mstari wa mbele, anacheka, na herufi zinasomeka bila miwani.

Moja ilifika sebuleni kwa wakwe, Iringa.

Hawakuvunja uchumba. Ni watu wa heshima, nimeshasema. Walimtuma mshenga. Alikuja Mbuyuni na maneno ya upole: binti tunampenda, sherehe iko pale pale, ila tunaomba mama mzazi apumzike. Amehangaika sana na maradhi, apumzike nyumbani. Shangazi wa binti asimame badala yake. Na huko mbele, mjukuu akizaliwa, tutaona.

Yeye akakubali. Binti alilia, akasema basi haolewi, mama yake akamnyamazisha. Haya yote alinieleza kwa simu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekwambia mvua imechelewa. Nikamwambia nitakwenda mwenyewe kwa hao wakwe niwaeleze kitaalamu. "Usiende, dokta," akasema. "Ukienda wewe ndiyo watajua ni kweli."

Nikaenda ofisini Iyunga badala yake. Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hilo ni tatizo la elimu kwa jamii, na awamu ya pili ya mradi italishughulikia. Kalenda ilikuwa inaning'inia nyuma ya kichwa chake. Nikaichana mbele yake. Nikamwambia maneno ambayo mama yangu angenipiga kofi kwayo, nikaacha funguo za ofisi mezani. Mpaka leo wanasema niliondoka kwa sababu za kiafya.

Siku ya kumuaga binti nilivaa kitenge changu cha kijani, nikaendesha kutoka Mbeya hadi Mbuyuni. Sijui nilifikiri nini. Labda nilidhani nikifika atakuwa amesimama pale mlangoni kwake amevaa, ananisubiri tuingie kwa nguvu. Nyumbani hakuwepo. Ukumbi ulikuwa shule ya jirani, muziki unasikika, na wanawake wa kijani wanapita njiani makundi kwa makundi. Waliiona sare yangu, wakanishangilia, wakataka kunibeba twende. Nikawauliza mama yuko wapi. Wakatazamana. Mmoja akaonyesha bandani kwa kidevu.

Alikuwa peke yake. Amekaa juu ya gunia tupu, katikati kabisa ya ule mstari ambao siku ile haukuwa na mtu, anakata vitunguu. Alikuwa amevaa lile gauni la bluu.

"Kamwene, dokta."

"Kamwene, mama." Nilikuwa nazitazama zile herufi za kiunoni. "Sare yako iko wapi?"

"Nimempa wifi. Ndiye anayesimama badala yangu, na yeye hakuwa nayo, na dukani kimekwisha. Angesimamaje mbele ya wakwe na nguo ya peke yake? Ingekuwa aibu kwa mwanangu." Akanitazama kuanzia juu hadi chini. "Umependeza. Fundi wako anajua."

"Vaa hii yangu. Navua sasa hivi. Twende wote."

"Itanienea wapi? Wewe una mwili, dokta." Akacheka kidogo. Kisha akaacha kucheka. "Shida yao si nguo."

Nikakaa chini kwenye maganda, na sare yangu. Nikalia. Nikamtukana mkurugenzi, nikamtaja kwa jina lake na la baba yake. Nikawatukana waliopiga makofi, mmoja mmoja, niliowakumbuka. Alinisubiri nimalize.

"Usilie bwana. Vitunguu vyenyewe vinatosha."

Nilichukua kisu cha mwenzake kilichoachwa pale, nikaanza kukata. Mikono hii imeshona wanawake maisha yake yote, lakini vitunguu nilikuwa nakata ovyo, akawa ananirudia nyuma. Kule shuleni vigelegele vikapanda. Akasimamisha kisu, akasikiliza mpaka vikaisha. Tulijua wote wawili ni hatua gani imefika. Ndiyo wanamkabidhi.

"Leo hujaniuliza," akasema.

"Nikuulize nini?"

"Lile swali lako. Kila tukionana unauliza."

Nikamwambia utafiti umekwisha, mimi si wa mradi tena, hakuna ninapoandika. Akavuta ile bluu vizuri ikafunika magoti, akaipangusa maganda juu ya herufi.

"Hata hivyo andika," akasema. "Andika nimepewa."

Akachukua kitunguu kingine.